Chai ya mbegu za mpopi: kikombe kisicho na kipimo

Ni mbegu halali zinazopamba mikate na keki. Nchini Marekani, Australia na New Zealand, wapo wanaozigeuza kuwa dawa ya kulevya jikoni mwao, na baadhi yao hawaamki tena.

Novemba 2022, hospitali za Australia zilianza kupokea wagonjwa wenye dalili za kushangaza. Misuli ilikuwa imekakamaa kwa maumivu makali, wengine walikuwa na degedege, na wapo ambao moyo ulisimama. Walitoka katika majimbo mbalimbali. Walipoulizwa wametumia nini, jibu lilikuwa chai. Walikuwa wamekunywa kinywaji cha kutengeneza nyumbani, kilichotokana na kiasi kikubwa cha mbegu za mpopi walizonunua kama chakula cha kawaida.

Idadi ya walioathirika ilipita watu 30. Mamlaka ya Viwango vya Chakula ya Australia na New Zealand iliratibu kuondolewa kwa mbegu hizo madukani, na maofisa wa afya wakaeleza kilichotokea: mbegu ambazo hazikukusudiwa kuliwa zilikuwa zimepenya hadi kwenye biashara ya chakula. Zilikuwa na kiwango kikubwa cha thebaini, kemikali inayopatikana katika mpopi pamoja na mofini na kodeini.

Anayekunywa chai hiyo kwa ajili ya kulewa huwa anaitafuta mofini. Mofini hutuliza, huleta usingizi na kuondoa maumivu. Thebaini haifanyi hivyo. Huuchochea mfumo wa fahamu hadi mwili ukaingia katika mtukutiko na degedege. Viwanda vya dawa huihitaji kwa sababu ndiyo malighafi ya dawa nyingine kali za maumivu, ikiwemo oksikodoni, na ipo mipopi inayolimwa mahususi kwa ajili yake. Mbegu za mpopi wa aina hiyo hazitofautiani kwa macho na zile za mkate. Mnywaji hakuwa na namna ya kujua.

Dawa iko nje ya mbegu

Mpopi unaozungumziwa hapa ni ule ule unaotoa afyuni, yaani *Papaver somniferum*. Kichwa chake kichanga kikichanjwa hutoa utomvu mweupe, ambao ukikauka hugeuka kahawia na kuwa afyuni. Ndani ya utomvu huo ndimo Mjerumani Friedrich Sertürner alimoitoa mofini mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka 1832 Mfaransa Pierre Jean Robiquet akatoa kodeini. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ilianza kuuza dawa iliyotengenezwa kutokana na mofini na kuipa jina la heroini. Huo ndio unga ambao vijiwe vya Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar vinaujua vizuri.

Mbegu zenyewe hazina dawa ya kutajika. Tatizo ni kile kinachozishika. Wakati wa mavuno, mashine hupondaponda vichwa vilivyokauka, wadudu huwa wamevitoboa vingine, na utomvu pamoja na vumbi la maganda huganda juu ya mbegu, kama pilipili inavyobaki kwenye vidole vya aliyeikata. Mbegu zikioshwa na kupitishwa kwenye joto kiwandani, sehemu kubwa ya mabaki hayo huondoka. Zisipooshwa, huingia kwenye mfuko zikiwa nayo.

Je, ni kiasi gani? Hakuna jibu moja, na hapo ndipo penye hatari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sam Houston State, Texas, walipima mbegu zilizokuwa zikiuzwa kwa wateja wa kawaida. Baadhi zilikuwa na mofini chini ya miligramu 1 kwa kilo. Nyingine zilizidi miligramu 2,700 kwa kilo. Hali ya hewa, aina ya mbegu, wakati wa kuvuna na namna ya kuvuna vyote hubadilisha hesabu. Mtu anaweza kunywa kikombe Jumatatu asisikie chochote, akafungua mfuko mwingine Ijumaa, akarudia vile vile alivyofanya, na kufa.

Tumbo nalo huongeza mtego. Dawa inayoingia kwa kunywewa huchukua muda kufika kwenye ubongo. Mnywaji huona kama haijafanya kazi, akaongeza. Ya kwanza na ya pili zinapokutana, pumzi hupungua taratibu hadi zinakatika. Akiwa amekunywa pombe au vidonge vya usingizi, muda wa kumwokoa huwa mfupi zaidi.

Aliyetafuta usingizi

Mwaka 2016, mwanamuziki mwenye umri wa miaka 24 alikutwa amekufa katika makazi yake jimboni Arkansas, Marekani. Hakufa kwa unga wala kwa vidonge vya mtaani. Vipimo vilionyesha mofini, na chanzo chake kilikuwa mbegu za mpopi alizoagiza kupitia intaneti, kama mtu anavyoagiza viungo vya pilau. Wazazi wake walieleza baadaye kwamba alikuwa akisumbuliwa na wasiwasi na kukosa usingizi.

Tangu hapo wazazi hao wamekuwa wakipita ofisi kwa ofisi wakidai udhibiti. Februari 2021, Kituo cha Sayansi kwa Maslahi ya Umma, shirika la utetezi wa walaji lenye makao yake Washington, kiliwasilisha maombi rasmi kwa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, kikitaka kiwekwe kikomo cha mabaki ya afyuni kwenye mbegu. Familia zilizopoteza watoto zilikuwa sehemu ya maombi hayo. Kituo hicho pamoja na watafiti wenzake kilikuwa kimehesabu vifo visivyopungua 19 nchini humo vilivyohusishwa na mbegu za mpopi. Katika Bunge la Marekani, Seneta Tom Cotton wa Arkansas ni miongoni mwa waliounga mkono muswada wenye jina la kijana yule, unaolenga kuilazimisha FDA kuweka kikomo hicho.

Idadi ya vifo 19 ni ndogo ukiilinganisha na makumi ya maelfu ya Wamarekani wanaouawa kila mwaka na fentanili. Lakini si kila daktari hufikiria kuuliza kuhusu mbegu za mkate. Kipimo kikionyesha mofini, ni rahisi kudhani marehemu alitumia heroini au vidonge, na faili likafungwa.

Wanaofika kwenye kikombe hiki hawafanani. Wapo vijana wanaojaribu kila kinachosemwa mitandaoni. Wapo wagonjwa wa maumivu ya muda mrefu waliopunguziwa vidonge ghafla pale madaktari wa Marekani walipobanwa na sheria. Wapo waliokwisha kunaswa na heroini na sasa wanatafuta njia ya kupoza arosto. Nchini New Zealand, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwahoji wagonjwa 52 wa kliniki ya tiba ya uraibu. Kati yao 24 walikwisha kuinywa chai hiyo, na kwa 11 ndiyo iliyokuwa dawa yao kuu wakati huo. Visiwa vile viko mbali na njia kubwa za magendo ya heroini, na watumiaji wake wamekuwa na historia ndefu ya kujitengenezea dawa nyumbani. Duka la chakula lilijaza pengo.

Kinachowaunganisha wote ni imani kwamba kitu cha asili, kinachouzwa wazi, hakiwezi kuwa na ukali wa dawa ya kulevya. Lakini mwili hauulizi mofini imetoka kwenye sindano au kwenye birika. Anayekunywa kila siku huzoea, akahitaji zaidi, na akiacha hukumbana na arosto kamili: jasho, kuhara, maumivu ya mifupa, na usiku mzima macho makavu. Aliyeanza kwa kutafuta usingizi huishia kuwa mtumwa wa kitu ambacho bila hicho hapati usingizi kabisa.

Kinywaji cha watu wa mabwawa

Chai ya mpopi haikuzaliwa na intaneti. Katika karne ya 19, mashariki mwa Uingereza, kwenye nyanda za majimaji za Cambridgeshire, Lincolnshire na Norfolk, ilikuwa kinywaji cha kaya nyingi. Wanakijiji walipanda mipopi myeupe bustanini na kuchemsha vichwa vyake. Sababu yao msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ataielewa bila maelezo: malaria. Mabwawa yale yalikuwa na mbu wake na homa yake ya vipindi, yenye kutetemesha mtu hadi meno yakagongana. Baridi yabisi nayo haikuwaacha. Daktari alikuwa mbali na ghali. Afyuni iliuzwa kwa senti kwenye maduka ya miji ya Ely na Wisbech, na asiye na senti alikuwa na bustani.

Kina mama waliokwenda kufanya kazi mashambani waliwaachia watoto wachanga kwa walezi, na walezi wakawanyamazisha kwa matone ya afyuni au chai hiyo. Mtoto aliyelala mchana kutwa hakunyonya. Wengi walidhoofika na kufa bila kelele. Miaka ya 1860 serikali ilimtuma Dk. Henry Julian Hunter kuchunguza kwa nini watoto wa vijiji hivi, wenye hewa safi na mashamba, walikuwa wakifa kwa kasi iliyokaribiana na ile ya miji ya viwanda. Ripoti yake iliitaja afyuni miongoni mwa sababu. Mwaka 1868 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya wafamasia iliyoanza kuibana biashara ya sumu na afyuni.

Kilichoiondoa chai hiyo zaidi hakikuwa sheria peke yake. Mabwawa yalikaushwa, homa ikapungua, madaktari wakafika, dawa nyingine zikapatikana. Haja ilipokwisha, birika nalo liliwekwa kando.

Mmea mmoja, hukumu mbili

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya huzungumzia mpopi wote kuanzia shina hadi kichwa, kisha huziacha mbegu nje ya udhibiti. Sheria ya Marekani ya mwaka 1970 ilifuata njia hiyo hiyo: mmea ni marufuku, mbegu ni chakula. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa wakati wake. Jamhuri ya Czech hulima mpopi kwa ajili ya mbegu na mikate yake. Uturuki hivyo hivyo. Wapishi wa Bengal husaga mbegu hizo kuwa mchuzi mzito wanaouita posto. Kuwafanya waokaji wote wahalifu kusingemsaidia mtu.

Lakini mgawanyo huo umezaa vituko. Mwaka 1991, Monticello, shamba la kihistoria la Rais Thomas Jefferson lililoko Virginia, liling'oa mipopi yake na kuacha kuuza mbegu zake baada ya msako wa dawa za kulevya katika chuo kikuu cha jirani. Mwandishi Michael Pollan alisimulia kisa hicho katika makala yake ya mwaka 1997 kuhusu mipopi aliyoiotesha mwenyewe bustanini. Baadhi ya kurasa za makala hiyo, ikiwemo sehemu aliyoeleza alivyoionja chai, alizificha kwa kuhofia kushitakiwa, na hakuzichapisha hadi mwaka 2021. Ua lililoko bustanini lilimtisha kuliko mfuko wa kilo kadhaa ulioko dukani.

Waliobanwa zaidi na mbegu hizi Marekani wamekuwa wala mikate. Mkate wenye mbegu za mpopi unaweza kuufanya mkojo uonyeshe mofini. Mwaka 1998 serikali kuu ililazimika kupandisha kiwango cha kumtia mfanyakazi hatiani, kutoka nanogramu 300 hadi 2,000 kwa mililita, kwa sehemu kubwa ili kuwaepusha watu wasio na hatia. Februari 2023 Wizara ya Ulinzi iliwaonya askari wake waachane na vyakula vyenye mbegu hizo. Mkojo wa askari umewekewa kikomo, lakini mbegu iliyosababisha tatizo haina kikomo.

Ulaya iliamua kuanzia upande wa pili. Tangu Julai 1, 2022, kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka mbegu za mpopi zinazouzwa kwa mlaji zisizidi miligramu 20 za mofini kwa kilo, huku kodeini nayo ikiingizwa katika hesabu hiyo. Kwa mikate na keki kikomo ni miligramu 1.5. Linganisha na zile 2,700 zilizopimwa Texas: mbegu hizo zinakizidi kikomo cha mbegu mara zaidi ya mia. Kanuni hii haimkamati mtu yeyote wala haimnyimi mwokaji mbegu zake. Inamtaka mzalishaji ahakikishe mbegu anazouza hazizidi kikomo.

Mofini hiyo hiyo, mjini Kampala

Ni rahisi kumaliza habari ya namna hii kwa kuulaani mmea. Itakuwa kosa, na ushahidi hauko mbali. Mwaka 1993, Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala akiwa na lengo la kuwapunguzia maumivu wagonjwa wa saratani na UKIMWI waliokuwa wakifa wakilia. Dawa aliyoitegemea ni mofini ya maji, inayotengenezwa kwa kuchanganya unga wa mofini na maji pamoja na kihifadhi, kisha kuwekwa rangi ili chupa za nguvu tofauti zisichanganywe. Ni ya bei nafuu, na mgonjwa huinywa nyumbani. Mwaka 2004 Uganda ikabadili kanuni na kuwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika, hatua iliyoifikisha dawa hiyo vijijini ambako madaktari ni wachache.

Mgonjwa wa saratani wa kijijini Uganda hunywa mofini kila baada ya saa nne na anaweza kuishi nayo kwa miezi, akila, akiongea na wajukuu. Kijana wa Arkansas aliinywa mofini hiyo hiyo na hakuamka. Tofauti yao si ukali wa dawa. Mmoja ana muuguzi anayejua ndani ya kijiko mna miligramu ngapi. Mwenzake alikuwa na mbegu ambazo hata aliyezifunga hakujua zimebeba nini.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki

Kwetu mbegu hizi si kitu cha kila jikoni. Hupatikana zaidi kwenye maduka ya viungo ya wenye asili ya India na kwenye mikate ya hoteli. Tatizo letu la afyuni limekuja kwa njia ya bahari, likiwa limefungwa kama heroini. Hata hivyo, yako mambo mawili yanayotugusa moja kwa moja.

La kwanza ni safari. Maelfu ya Wakenya, Watanzania na Waganda hufanya kazi katika nchi za Ghuba. Katika Falme za Kiarabu mbegu za mpopi, zinazojulikana huko kama khashkhash, huhesabiwa kuwa dawa za kulevya, na wasafiri wamewahi kukamatwa kwa kupatikana nazo. Pakiti ya viungo uliyopewa na jirani umpelekee ndugu yake Dubai ifunguliwe na ijulikane kilichomo kabla ya kuingia kwenye begi.

La pili ni tiba. Uraibu uliotokana na chai hutibika kama ule uliotokana na unga, kwa methadoni au buprenofini pamoja na ushauri nasaha. Muhimbili ilianza kutoa methadoni Februari 2011, na Mathari mjini Nairobi ikafuata Desemba 2014. Mgonjwa asione aibu kusema alichokuwa akitumia, hata kama ni kitu cha jikoni.

Ukimkuta mtu amelala fofofo na haamshiki, akikoroma isivyo kawaida, mboni za macho zimesinyaa na pumzi zinakuja kwa nadra, usimwache "alale hadi dawa iishe". Mlaze ubavu, mwite mhudumu wa afya au mkimbize hospitali, na utaje alichokunywa. Naloksoni ikiwahi huirudisha pumzi iliyozimwa na mofini. Kwa degedege ya thebaini haifui dafu, kwa hiyo kumweleza daktari ukweli ni nusu ya matibabu.

Nani apime?

Kila jaribio la kuidhibiti afyuni kwa kumwandama mtumiaji limeacha mlango mmoja wazi, na kwa miongo mingi mlango huo umekuwa rafu ya chakula. Wauzaji wa mitandaoni waliuona mapema. Waliweka kwenye matangazo yao kwamba mbegu zao hazijaoshwa, sifa ambayo mwokaji mikate hana haja nayo. Aliyeandika hivyo alijua anamwandikia nani.

Kwa hiyo familia za Marekani zinapoomba kikomo, haziombi askari zaidi wala jela zaidi. Zinaomba kazi ya kupima ifanyike kiwandani, penye mizani, maabara na mtu wa kuwajibika, isiachiwe kijana aliyekesha usiku wa manane akisoma maelekezo ya mtu asiyemjua. Ulaya imekwisha kuonyesha kwamba inawezekana bila kuinyima keki mbegu zake. Nchi ambayo imeweza kuupima mkojo wa kila askari haikosi vifaa vya kupima gunia la mbegu.